Mwimbaji wa Beni

Tangu Benedikto aende vitani Uganda, mama yake, Mama Beni wa Tandika, alipepeta mchele redio ikiwa ubavuni, akingoja habari za vita. Lakini ikipigwa bendi aipendayo Beni, ile ya mwimbaji anayelia kama mbuzi aliyesahaulika mvuani, aliizima mpaka amalize kuosha masufuria. Zamani alikuwa akimuuliza, "Mwanangu, huyu mtu anaumwa nini?" Beni akicheka tu.

Jumanne moja jirani yake Apolonia akaja mbio, mikono ina unga. "Mama Beni, umemsikia mwanao? Kakutumia salamu kutoka vitani! Zimesomwa redioni wimbo wa yule mwimbaji wake ulipokuwa unamalizikia."

Ungo ukamponyoka. "Nilizima, shoga. Kasemaje?"

"Nimeshika majina yenu tu. Wanangu walikuwa wanagombana. Nikajua wewe unasikiliza!"

Tangu siku hiyo redio haizimwi. Mbuzi wa watu analia, Mama Beni kainamisha sikio, maneno keshayajua yote, utamu wake hajauona. Wimbo ukimalizikia husomwa majina ya watoto wa wenziwe. Naye huomba upigwe tena.