Kitambaa cha Kuchujia Asumini

Joto la mwaka ule halikuwa na adabu. Liliingia kwenye chumba cha pasi kabla ya wafanyakazi wenyewe, na jioni wakitoka, lilibaki humo kuwasubiri. Mpiga pasi alisimama humo kutwa nzima, mashuka ya hoteli yakimjia kwa toroli, toroli juu ya toroli, kana kwamba watu wote wameacha kazi zao wakaamua kulala tu. Alirudi nyumbani miguu imevimba, mgongo hausemeki, na mikono inanuka dawa ya kung'arishia mashuka. Yaani watu walimwambia inanuka. Yeye mwenyewe hakusikia kitu.

Pua yake ilikuwa imekufa tangu mvua zilipokatika. Mwanzoni alidhani ni mafua, akajifukiza, akajipaka dawa, akanywa chai ya tangawizi mpaka akaichukia. Mafua yakaenda zake, pua haikurudi. Mboga ikaungua jikoni huku yeye amesimama palepale, akasingizia usingizi. Hakumwambia mtu. Kazini hakusema kwa sababu msimamizi wao alikuwa na huruma ya hatari: ukimwambia unaumwa anakupa mapumziko, na mapumziko yake huwa hayana mwisho. Nyumbani hakusema kwa sababu ya chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa kubwa, ya kioo, yenye mdomo mpana wa kupitisha mkono. Joto likianza, katika nyumba ile hutengenezwa kinywaji cha asumini. Mti wake ulikuwa umepanda ukuta wa uani mpaka juu ya mlango wa jikoni, na jioni maua yanapoanza kufunguka huchumwa, hulazwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, hufunikwa kwa sahani. Baadaye huchujwa, hutiwa sukari iliyoyeyushwa, ndimu na barafu. Kazi yote iko katika kujua ni wakati gani wa kuchuja. Ukiwahi, unakunywa maji matamu. Ukichelewa, kinakuwa kichungu kama dawa ya minyoo.

Na kuonja ni marufuku. Hiyo ilikuwa sheria ya mama mkwe wake, aliyeimiliki ile chupa miaka na miaka. Anayetengeneza ananusa tu. Kijiko kikiingia kabla ya mkubwa wa nyumba kupewa glasi ya kwanza, huo ni wizi, na mwizi atatajwa mbele za watu. Bibi yule alikuwa na masharti kuliko benki, lakini kinywaji chake mtu alikikumbuka mpaka joto la mwaka unaofuata.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Msimu mmoja alichuma maua pamoja na sisimizi wake, akawalaza wote kwenye maji kwa heshima ileile. Mpiga pasi aliwaona wakielea. Alisubiri bibi aende kuoga, akawatoa mmoja mmoja kwa ncha ya kijiti, na siku ile watu walikunywa wakasifu. Alifanya hivyo msimu mzima. Msimu uliofuata mama mkwe akamwekea chupa mikononi, kwa uso wa mtu anayekabidhi nyumba kwa mpangaji asiyemwamini, akaenda kukaa kivulini.

Tangu siku hiyo chupa ikawa yake. Kwa mwanamke ambaye wiki nzima anafanya kazi inayoletwa na toroli, hicho kilikuwa kitu pekee alichokianza mwenyewe akakimaliza mwenyewe, na mtu akafurahi mbele yake. Aliipenda ile chupa kuliko alivyothubutu kusema. Tena alijua fika kwamba ikigundulika hana pua, chupa itavuka barabara kwenda kwa wifi yake, ambaye alikuwa anaitamani siku nyingi na hakuwa mtu wa kurudisha kitu.

Kwa hiyo Jumamosi jioni, mgongo ukimlilia, alichuma maua kama kawaida. Alikadiria kwa macho: rangi ya maji, ulegevu wa maua. Jumapili alipotaka kuchuja akakuta kitambaa cha kuchujia kimechanika katikati. Hakuhangaika. Kazini foronya zikichakaa hugawiwa wafanyakazi, na yeye alikuwa nayo moja, nyeupe pe, aliyoifua na kuipiga pasi kwa mkono wake. Akachuja nusu ya chupa kwa foronya hiyo, na nusu akaiacha na maua yake kwa ajili ya jioni. Akajaza jagi, akatia barafu, akajiona ameweza.

Masikini, foronya ile ilikuwa imelowekwa dawa ya kung'arishia mara nyingi kiasi kwamba hata kuifua mwaka mzima kusingeisaidia. Mwenye pua yoyote angeitupa mlangoni.

Uani kivulini walikaa wote. Mume wake, fundi wa feni, ambaye nyumba nzima ya jirani inapepewa kwa kazi ya mikono yake na kwake feni imekufa tangu mwaka juzi. Binti yao, aliyeweka simu kando kwa sababu ya kinywaji, jambo ambalo hata mtihani haukuweza kulifanya. Na mama mkwe kwenye kiti chake, mikono magotini, akisubiri haki yake. Mpiga pasi akammiminia glasi ya kwanza, akamshikisha.

Bibi akaisogeza glasi puani. Akageuza uso kuelekea pale mkwe wake aliposimama, ingawa hakuweza kumwona zaidi ya kivuli. Kisha akaishusha glasi bila kunywa, akanyoosha mkono kama anayetafuta meza, na kiwiko chake kikalifagia jagi lote. Likaanguka, kinywaji kikatiririka sakafuni mpaka kwenye mfereji, glasi nayo ikafuata.

"Macho haya," alisema bibi.

Fundi feni akainuka kutafuta tambara, akimlaumu mama yake kwa upole kwamba angeomba asogezewe. Binti akaokota vipande vya barafu, akamrushia paka. Mpiga pasi hakuokota kitu. Hasira ilimpanda. Aliwaza kwamba yule mzee hajamsamehe kamwe kuichukua ile chupa, na amesubiri mpaka leo, mbele ya watu, kumwonyesha. Akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda. Alitaka kulia, lakini alikuwa amechoka kiasi kwamba hata machozi yalitoka kwa kusitasita.

Alisikia mkono ukipapasa ukuta. Mama mkwe akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Nipe kitambaa ulichochujia," alisema.

Mpiga pasi akampa ile foronya mbichi. Bibi akaikunjua, akainusa pembe moja, kisha nyingine, akaiweka mbali na uso.

"Tangu lini, mwanangu?"

Mpiga pasi angeweza kuuliza tangu lini nini. Angeweza kusingizia usingizi tena. Lakini uongo nao ni kazi, na yeye siku ile alikuwa amemaliza nguvu zote za kazi. Akasema tangu mvua zilipokatika. Akasema pia kuhusu mboga iliyoungua, na msimamizi, na wifi yake, yote kwa pumzi moja, akiangalia miguu yake iliyovimba.

Bibi alimwacha amalize. Akatafuta kigoda cha pili kwa mguu, akakaa.

"Mwaka ule nilioloweka sisimizi," alisema, "unadhani sikujua? Nilikuwa nawasikia wakinitembea vidoleni. Nikasema ngoja, leo ndiyo nitaumbuka mezani. Watu wakanywa, wakasifu. Nani aliwatoa?"

"Mimi, Mama."

"Ulimwambia mume wako?"

"Hapana."

"Wifi yako?"

"Huyo ndiyo hapana kabisa."

Bibi akacheka, kicheko kidogo cha puani, ambacho katika nyumba ile hakikusikika mara nyingi.

"Basi na mimi leo nimemwaga."

Mpiga pasi akainamisha kichwa magotini. Sasa machozi hayakusitasita. Mama mkwe hakumbembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alimwekea tu mkono mgongoni, pale panapouma, akauacha. Baadaye akasema kwamba kesho wataenda kwa daktari, na mkwe wake akajibu kwamba kesho kuna kazi. Bibi akasema mashuka hayajawahi kumkimbia mtu, yatamsubiri.

"Na chupa?" aliuliza mpiga pasi.

"Chupa ni yako. Iko wapi hiyo nusu iliyobaki? Wewe utaniangalizia sisimizi."

Wakachuja kwa mtandio wa bibi, uliokuwa umeoshwa kwa sabuni ya kawaida. Bibi aliinamisha pua kwenye mdomo wa chupa, akasema bado, akasubiri, akasema bado tena, kisha akagonga kioo kwa ukucha: haya, sasa. Mpiga pasi akakamua ndimu. Nje walisikika baba na binti yake wakigombania kivuli, wakiuliza kama kuna matumaini yoyote au wanywe maji ya bomba.

Safari hii bibi alikunywa hadi nusu glasi kabla ya kuitua. Wengine wakamiminiwa, binti akaomba tena kabla ya baba yake kumaliza ya kwanza. Mpiga pasi akakaa mwisho na glasi yake. Alisikia ubaridi, alisikia sukari na ukali wa ndimu. Zaidi ya hapo, hakuna. Akamsogelea mama mkwe sikioni.

"Niambie, Mama. Kinanukiaje?"

Mama mkwe, ambaye tangu harusi hakuwahi kumsifia hata chumvi, aliinusa glasi yake upya, akafikiri.

"Kinanukia ukuta wetu jioni," alisema, "ukishamwagiwa maji. Na sukari umezidisha, kama kawaida yako."

Mpiga pasi akavua viatu, akanyoosha miguu juu ya kiti cha mume wake, akanywa taratibu mpaka ikabaki barafu.