Mgongo wa Kiongozi

Mwaka 1968 kikundi chetu cha taarabu cha Mlandege kilinipa kijiti niwaongoze wapigaji. Nilikuwa kijana bado, lakini katika kikundi kizima mimi peke yangu nilijua kusoma noti za muziki. Nilijifunza katika madarasa ya usiku, baada ya kubeba mizigo bandarini kutwa.

Bwana Borafya, mwenyekiti, hakuridhika.

"Unapunga mikono tu, chombo hupigi," alisema. "Tutakujaribu harusini Makunduchi. Mambo yakiharibika, rudi kwenye fidla yako."

Wakati ule nilikitaka kijiti kuliko nilivyotaka kuoa.

Makunduchi wapigaji walikaa nusu duara: fidla kushotoni kwangu, ngoma kuliani. Nikasimama nikiwaelekea, kama nilivyofundishwa. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa Mzee Usi, babu yake bibi harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mzee."

"Mbona watupa mgongo?"

Nikamweleza kwamba kiongozi huwaelekea wapigaji. "Hata imamu, mzee, huwaongoza watu naye kawapa mgongo."

"Imamu anaelekea kibla. Wewe unaelekea nini?"

"Tumbo la Mmanga!" akadakia Bi Mashavu, mwimbaji wetu. Mmanga, mpiga besi, alikuwa mbele yangu hasa. Watu wakaangua kicheko. Bwana Borafya akanikunjia uso, akanizungushia kidole: geuka.

Nikageuka, nikawaelekea wageni. Nikainua mkono wa kushoto kuziita fidla. Kumbe kushoto sasa ni kwa ngoma. Ngoma zikaingia. Nikazizuia kwa mkono wa kulia, fidla zikadhani zimeitwa. Muhiddin wa kodiani akaona bora aingie na yeye. Nyuma yangu ikawa kama soko la Darajani. Nikabaki mikono juu, sijui nishushe upi.

Mara sauti zikakutana, sijui vipi. Bi Mashavu akaanza kuimba. Nami, nisisimame kama nguzo, nikapunga kufuata nilichokisikia. Mzee Usi akawa anatikisa kichwa kufuata mkono wangu. Bibi mmoja akaja akanivisha kikuba, kishada cha maua ya asumini.

Katika lori, tukirudi mjini, Bwana Borafya akasema, "Kijiti kaa nacho. Umeongoza vizuri."

"Nimemwongoza nani?"

"Wageni, bwana! Hukuwaona?"

"Sie tulikuwa twaona mgongo wako tu," akasema Muhiddin. "Shati limetota."

Nilipata nilichokitaka, na sikujua nimekipata kwa lipi.

Mazoezini Jumapili nilikishika kijiti, nikawatazama wapigaji, nikautazama mlango, nikarudi kuwatazama wapigaji.

"Anza basi," akasema Muhiddin.

"Nielekee wapi?"

"Kokote. Sie twakungoja."

Wakaningoja kweli, wote, vyombo mikononi. Hilo likanichanganya zaidi.