Sahani ya Mbaraka

Ukungu uliingia jikoni bila kubisha hodi, kama ulivyozoea, ukachanganyika na moshi wa kuni mpaka Secilia akawa hauoni mlango. Hakujali. Jiko lile la kambi ya vijana wa kanisa alilijua hata kwa kufumba macho, na asubuhi ile alipika kama mtu aliye ndotoni: mkono unakoroga, roho iko kwingine kabisa.

Leo Mbaraka anaagwa. Mbaraka wa bustani, Mbaraka wa kuni, Mbaraka wa kisu. Alifika kambini kutoka kijiji jirani cha Lukozi ndevu hazijaota, na sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi. Magoti yamekataa baridi, binti yake kamwambia baba, njoo huku Mnazi kwenye joto, na yeye amekubali. Miaka yote hiyo, kila mnyama aliyeliwa pale alichinjwa na yeye. Ndivyo walivyopatana tangu mwanzo: kambi ni ya Wakristo, lakini mchinjaji awe Mwislamu, ili majirani wakialikwa wasije wakakaa kutazamana na sahani. Wakaja, wakala, wakazoeana.

Lakini yeye mwenyewe, weee! Kumkalisha mezani ilikuwa shughuli pevu. Alikula amesimama mlangoni pa jiko, sahani kiganjani, matonge mawili matatu, mara kasikia mbuzi wa watu kaingia kwenye kabichi, huyoo, kaondoka. Secilia alimgombeza mpaka akachoka.

"Kaka, chakula changu kina miiba?"

"Kina utamu, dada. Nikikaa sitainuka."

Basi Secilia alikuwa amejiapiza. Leo mtu huyu atakaa kwenye kiti, tena chenye kitambaa, ale pilau yangu mpaka sahani ibaki tupu. Zaidi ya hapo hakuomba kitu. Kumzuia asiondoke hakuweza, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka watu wajue.

Ukumbini, ukungu ulikuwa umewatangulia wageni. Ulipita madirishani ukalala juu ya mabenchi, na vijana waliposimama kuimba, sauti zao zilikuwa kama zinatoka bonde la pili. Mbaraka aliingia na mkewe, Latifa, kanzu imepigwa pasi ikanyooka. Mchungaji Lucian, mkuu wa kambi, akamvika kitenge mabegani, na watu wa Lukozi wakapiga vigelegele. Secilia alitazama yote hayo akiwa mlangoni, machozi yanamlenga, hajui kama analia au ni moshi tu umemfuata.

Chakula kikaanza kupelekwa. Alen, mtunza stoo, akaja kuchukua sinia jingine.

"Ehe, Alen," Secilia akamtania, "mzee hakushtuka kuitwa achinje mbuzi wa kumuagia?"

"Hakuitwa, dada. Tulimficha. Tulitaka iwe sapraizi."

"Sasa kachinja nani?"

Alen akaanza kukuna kisogo. "Nilimwagiza Ismaili wa pale bondeni, mvua ikamzuia. Muda nao unakwenda... nikachinja mwenyewe." Akamsogelea, akashusha sauti. "Usijali. Mzee hatauliza. Chakula kikitoka kwako huwa haulizi."

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipomkata Secilia maini. Maana hata yeye hakuuliza. Aliletewa nyama kwenye beseni alfajiri, akaosha, akapika.

Akageuka kutazama meza ya mbele. Mbaraka alikuwa amekaa. Mungu wangu, alikuwa amekaa! Ameegemea kabisa, ananawa mikono, sahani imejaa mbele yake, anatabasamu kwa raha. Secilia akinyamaza, nani atajua? Kesho mtu anashuka zake Mnazi na utamu wa pilau mdomoni, na yeye anabaki na picha hiyo ya kumtunza.

Miguu ikaanza kwenda kabla hajaamua. Ukumbi ulikuwa mrefu ajabu. Wimbo ulikuwa mbali, watu walikuwa mbali, ukungu umewafika viunoni, na kitu pekee alichokiona vizuri ni mkono wa Mbaraka ukifinyanga tonge. Alipofika, tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni. Akamshika mkono na kuinyakua sahani.

"Watu wa Lukozi, msile! Wifi Latifa, weka chini!"

Wimbo ukakatika. "Huyu dada ana nini leo?" mtu akanong'ona.

"Kaka," Secilia akasema, "mbuzi huyu hukumchinja wewe, wala Mwislamu yeyote. Kachinja Alen, na mimi nimepika bila kuuliza. Nisamehe. Nimekuharibia siku yako."

Mbaraka akarudisha tonge kwenye sahani aliyoishika Secilia. Akafuta vidole taratibu, akimtazama.

"Ungenyamaza, ningekula."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akashika meza, akainuka. Mchungaji Lucian alikuwa ameanza kuomba radhi, lakini Mbaraka akamwekea mkono begani. "Baba Mchungaji, msimfokee Alen. Alitaka kunifurahisha." Kisha akamuuliza Secilia, kana kwamba ukumbini hamna mwingine, "Jikoni kuna nini?"

"Viazi tu. Na maharage, na kabichi yako."

Akaenda jikoni. Latifa akamfuata, watu wa Lukozi wakamfuata, halafu vijana, halafu Mchungaji na kitabu chake cha nyimbo, wakabanana kati ya mafiga na kuni. Secilia akapakua kutoka kwenye sufuria za pembeni. Mbaraka akatazama mlango aliozoea kuuegemea, akaupita, akakaa kwenye kigoda cha Secilia karibu na moto. Akala. Vijana wakaanza kuimba tena, chini chini, na ukungu nao umesimama pale mlangoni.

Alikuwa amefika nusu ya sahani Alen alipochungulia dirishani.

"Mzee! Mbuzi wameingia kwenye kabichi!"

Secilia akakaza macho kwenye moto, asimwone akiondoka.

Kigoda hakikulia. Mbaraka alikula mpaka sahani ikabaki tupu, akaifuta kwa kipande cha mwisho cha kiazi, akamnyooshea Secilia.

"Niongeze, dada."