Askari Kwenye Donge la Chapati

Mume wangu Erick aliponiletea pete ya kioo siku ya kuadhimisha ndoa yetu, nilimuuliza kama dhahabu imeisha Houston nzima. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, kijani cha chupa ya soda, kimejaa mikwaruzo. Akasema ni cha Warumi, kina karibu miaka elfu mbili. Nikamwambia ndiyo maana kimechakaa. Hata hivyo, siku ambazo siendi kazini hospitali huivaa, asije akasema nimeitupa.

Jumamosi ile nilikanda unga wa chapati nikiwa nayo kidoleni. Binti yetu Kathure alikuwa anaondoka kesho yake kwenda mafunzo ya jeshi. Alijiandikisha bila kuniambia, nami nikamnunia tangu Pasaka. Lakini mtoto haondoki kwetu Pearland na njaa eti kwa sababu mama yake amenuna. Basi nikawa nakata madonge kimya kimya, nikiyagandamiza kwa ngumi zaidi ya yalivyostahili.

"Mum, wait. Usi-roll hiyo," Kathure akasema nyuma yangu.

Nilitazama. Juu ya donge, mahali pete ilipobonyeza, alikuwa amesimama mtu. Kofia ya vita kichwani, mkuki mkononi, ngao imeegemea mguu. Kumbe ile niliyoiita mikwaruzo ilikuwa yeye, amechongwa kwenye kioo. Nikabonyeza donge la pili, akatokea tena. La tatu, yule yule, goti moja limelegea kidogo kama mtu aliyechoka kushika zamu.

Erick akaja na miwani yake. "Si nilikuambia, Mama Kathure, hukunisikiliza. Vito vya thamani vilikuwa vya wakubwa. Kioo kilikuwa cha askari wa kawaida."

Askari wa kawaida. Yaani mtoto wa mtu. Nilijikuta nikinong'ona jikoni mwangu mwenyewe kama niko kanisani. Utawala aliopigania ulishakwisha, mama yake alishakufa, na yeye bado amesimama kwenye unga wangu. Wala sikujua kama alirudi nyumbani.

Niliivua pete, nikaifuta mafuta kwa leso, nikamwekea Kathure kiganjani. Nikamsemesha, mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Sikupi. Nakuazima."

"Mum, huko hawata-allow nivae ring."

"Basi ifiche unapojua. Lakini utanirudishia wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Sitaki kuletewa na mtu mwingine."