Mawe ya Kula Kutoka kwa Baba

Mwaka wa tisini na sita, kila mwenye mimba pale Kisumu Ndogo, Kibera, alijua pa kununua mawe ya kula: kwangu mimi, Ndunge. Si yale ya sokoni yaliyojaa mchanga. Yangu yalitoka Kitui, kwenye ufa wa mlima wa graniti nyuma ya boma la baba, laini hadi yanayeyuka ulimini. Nami, mja mzito wa miezi sita, sikulala bila kuyatafuna.

Mdogo wangu Alvin, niliyemlisha miaka yake yote ya chuo, alikuwa amepata kazi kwa watafutaji madini. Yeye ndiye aliyewapeleka kwenye mlima ule. Walichopata hakusema, nami sikuuliza. Kila Jumapili alikuja kwangu, akala chapati, akaniona nikitafuna, akacheka: "Sista, utazaa ukuta!"

Mkewe, Nafuna, naye alikuwa na mimba. Agosti nikampelekea fungu lake Kawangware. Akalisukuma kando.

"Wifi, mi niliwacha. Alvin alitupa yote Pasaka. Kwani hakukushow? Ati iko na yureniamu, ni sumu."

Pasaka! Alvin alipoingia nilimkaba kola. "Eleza."

Akaeleza kama yuko darasani, mshenzi yule. Kwamba hapo kale maji moto yalipanda kutoka chini sana, yakapenya nyufa za graniti yakibeba urani, hiyo yureniamu ya Nafuna. Yalipopoa yakaiacha humo ufani. Na ni maji hayo hayo yaliyolainisha jiwe likawa udongo. Ulaini niliojivunia kwa wateja ndio huo.

"Na mimi hukuniambia kwa nini?"

"Ungeambia customers, sista. Watu wangejaa huko kuchimba kabla boss apate license. Ningefutwa kazi."

Adui hajawahi kunifanyia hivyo.

"Lakini inaweza kukosa kukudhuru," akasema.

"Basi ya Nafuna ulitupia nini?"

Nikamwachia, nikarudi Kibera kugonga milango ya wateja wangu. Nilianza na Nasike wa Sarang'ombe. Alifungua akitabasamu, mkono juu ya tumbo, akaniuliza kama nimemletea mengine.