Tairi za Mshahara wa Kwanza

Tangu alipokuwa mchanga, Mumbua hakuitwa mtoto na baba yake. Aliitwa mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, na kwa Wakamba mtoto wa namna hiyo huheshimiwa kama yule nyanya mwenyewe. Baba alikuwa akimpisha kigoda mbele ya wageni na kusema, "Keti, mwaitu, wewe ndiye uliyenilea." Wageni walicheka, naye Mumbua alikimbia kujificha nyuma ya mlango. Alikua na haya hizo, na hata cheti cha chuo cha ufundi cha Machakos hakikumtoa haya. Kiwandani Athi River, alikoajiriwa kukagua mishono ya mashati, akiona shati lenye kasoro aliliweka kando kimya kimya bila kumtaja aliyelishona.

Mshahara wake wa kwanza aliupata mwisho wa Septemba, mwaka wa tisini na saba. Alipanda hadi Nairobi akamnunulia baba yake tairi mbili za baiskeli.

Baiskeli yenyewe haikuwa ile nyeusi nzito ya kila mtu. Ilikuwa ya milimani, yenye gia, aliyoachiwa baba na padri mmoja kijana alipokuwa akirudi kwao. Baba yake, Bartholomew, alikuwa katekista. Kila Jumamosi aliteremka nayo kutoka vilima vya Kangundo hadi kanisa dogo la Kwa Ndolo, chini uwandani, mahali ambapo padri hafiki ila mara moja kwa mwezi. Tairi zake za zamani zilikuwa vipara, na redio ilikuwa imeanza kuonya kwamba mvua ya mwaka ule haitakuwa ya kawaida. Mumbua alisimama dukani akaziangalia zote zilizoning'inia, akachagua zilizokuwa pana kuliko nyingine, zenye meno marefu yaliyobanana kama mahindi kwenye gunzi. Hizi, alijiambia, zitamshika baba yangu kwenye matope.

Baba alizipokea kwa mikono miwili. Katekista au si katekista, mshahara wa kwanza wa mtoto una desturi yake. Aliwaita ndugu, akapiga funda la maziwa, akazinyunyizia tairi zile na kusema kila zitakapopita zipite kwa amani. Shangazi na wajomba wakazigusa mmoja mmoja. Kitu kilichobarikiwa hivyo hakiuzwi, hakigawiwi, wala hakivuliwi mpaka kiishe chenyewe. Zile za zamani alipewa Mutiso muuza maziwa, akazikata kutengeneza akala, vile viatu vya mpira.

Ijumaa moja ya Novemba, Mumbua akirudi nyumbani kwa mapumziko ya siku mbili, alipitia kwa Nurudin, fundi wa baiskeli pale sokoni Kangundo, kununua tyubu.

"Karibu, dada," Nurudin alisema bila kuinuka. Alikuwa mtu wa makamo, kofia yake ya kushonwa imeingia grisi. "Athi River wamekufungulia mlango?"

"Siku mbili tu. Nataka tyubu ya baiskeli ya mzee. Ya zile tairi pana."

Nurudin aliacha kugonga. "Zile tairi. Hebu niambie, nani alizichagua?"

"Ni mimi."

"Ulichagua kwa macho."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama daktari anayetaja ugonjwa. Kisha akavuta tairi tatu kuukuu kutoka kwenye rundo, akazipanga mbele yake.

"Tazama. Jua likiwaka, njia ni mchanga na changarawe. Hapo unataka pana, meno mafupi yaliyokaribiana, haizami na haikuchoshi. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu wa huku juu, haya, meno marefu kama yako yatashika. Lakini mzee haishii huku juu. Kule chini, kabla ya kijito na baada yake, kuna nini?"

"Udongo mweusi."

"Huo haupigani na mtu, dada. Huo unakukumbatia. Meno yakibanana, tope linaingia halitoki. Ukizunguka mara tano tu, gurudumu limenenepa, linagusa breki, linagusa fremu, basi. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Kule unataka hii." Akainua ya tatu, nyembamba, yenye meno machache yaliyoachana kama kinywani mwa kikongwe. "Tope likiingia, linarushwa."

Mumbua akakumbuka kitu. Wiki mbili zilizopita mama yake alikuwa amecheka kwamba siku hizi Katekista anasafiri na vitu viwili, kitabu cha sala na kijiti cha kuchokolea magurudumu. Yeye naye alicheka.

"Ulisikia ya Mutiso?" Nurudin aliuliza. "Yake ni pana kama hizo. Juzi alikwama pale uwandani, akainama anachokoa. Huko chini jua linawaka, kumbe huku milimani kumenyesha. Akasikia mngurumo. Kijito kimeacha njia yake kimejaa uwanda wote. Aliitupa akakimbia, na baiskeli mpaka leo haijaonekana, na mitungi yake. Sasa Mutiso ni kijana. Mzee ana miaka mingapi?"

"Sitini na mbili. Na goti lake moja ni bovu."

"Na ya Mutiso hakuna aliyekuwa ameinyunyizia maziwa. Aliitupa bila kufikiri."

Alimjua baba yake. Baba yake asingeitupa.

"Niwekee nyembamba leo," alisema.

"Niko nazo wapi? Mzigo wangu uko Nairobi, barabara imekatika. Labda Jumanne."

"Kesho anakwenda kumzika Bibi Kamanthe wa Kwa Ndolo. Padri hawezi kupita. Wanamngojea yeye." Akaitazama ile tairi nyembamba. "Basi zichonge zile alizo nazo. Safu moja toa, safu moja acha."

Nurudin alimtazama kwa heshima kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Ni kazi ya saa moja. Lakini tairi iliyobarikiwa? Mzee aniletee kwa mkono wake. Mimi niko na watoto, dada. Mmoja akiumwa na jino tu, soko lote litasema Nurudin alikata baraka za Katekista." Alipekua kisanduku chake akatoa kisu kifupi kilichopinda. "Kisu ninaweza kukuazima. Kichovye kwenye maji ya sabuni. Na uongee na babako."

Uongee na babako! Kama kwamba ni jambo dogo.

Jioni ile mjomba Munyao alikuwa amekuja kula isyo, na mahindi na maharagwe yale yalikuwa bado ya moto alipoanza kuzisifu tairi.

"Mabinti wa watu wanawaletea baba zao kofia," alisema. "Wako amekuletea miguu!"

"Si binti, ni mama," baba akajibu, uso wake umejaa nuru. "Mama yangu hajaacha kunitunza hata akiwa kaburini. Nikikwama pale chini, nachokoa taratibu, naimba wimbo mmoja, nasonga. Sijali."

"Nau," Mumbua akaanza. Baba.

Wote wakageuka kumtazama. Akarudisha kijiko sahanini.

"Mbona huli?" Kalunde, mama yake, aliuliza.

"Nimeshiba."

Alfajiri mvua ilikuwa imenyamaza. Mumbua aliipindua baiskeli chini ya upenu wa ghala, akaweka bakuli la maji ya sabuni kando, akaanza na tairi ya nyuma. Jino la kwanza lilikuwa gumu. La pili likatoka. Alikuwa akihisi anakata mshahara wake, na maziwa yale, na vidole vya shangazi zake vyote. Alifika nusu ya tairi.

"Mwaitu."

Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa koti lake la kanisani. Aliinama kwa shida ya goti akaokota kipande kimoja cha mpira, akakigeuza kiganjani.

"Nilikukosea nini?"

Laiti angefoka. "Fundi amesema..." Mumbua alijaribu, "udongo ule, nau, meno yakibanana..."

"Fundi hakuwapo siku tulipozibariki." Hakupandisha sauti. Alichukua baiskeli, akaigeuza ikasimama, akafunga mfuko wa vitabu nyuma ya kiti. "Kitu ulichonipa na kikabarikiwa, wewe mwenyewe unakikata gizani kama mwizi. Acha nikamzike yule mama. Tutaongea nikirudi."

Akaanza kuisukuma kuelekea langoni.

Ukirudi. Mumbua alimwona ameinama kwenye tope jeusi, anachokoa jino baada ya jino, akiimba. Alifungua kinywa kumwita nau, na nau haikutoka. Kilichotoka kilikuwa jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa hai aliyelitumia kwa namna hiyo.

"Wathome!"

Jina la nyumbani la baba yake, kabla ya ubatizo. Watu wote walimwita Katekista. Aliyemwita Wathome kwa sauti ya kuamuru alikuwa mama yake, naye alizikwa kabla Mumbua hajazaliwa. Mlangoni mwa jiko, Kalunde aliangusha kifuniko cha sufuria.

Baba alisimama. Hakugeuka mara moja.

"Rudi hapa," Mumbua alisema. "Rudi ukae. Mimi ndiye niliyezichagua na nilichagua vibaya. Nilichagua kwa macho. Siendi kukuzika kwa sababu ya tairi."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Kisha Bartholomew, aliyekuwa katekista kwa miaka ishirini, akairudisha baiskeli, akaipindua mwenyewe, akaketi kwenye kigoda.

Mumbua alikata. Baada ya muda baba alinyoosha mkono akaanza kumzungushia gurudumu, pole pole, safu moja ikienda kando, safu moja ikibaki. Ya nyuma iliisha. Ya mbele ilikuwa haijafika nusu wakati jua lilipopanda juu ya mibuni.

"Muda umekwisha, mwaitu," alisema. "Kaburi linangoja."

"Basi nisikilize. Ikikwama, usichokoe. Iache ukimbilie mawe ya juu."

"Kitu ulichonipa?"

"Aliyekupa ndiye anayekwambia uiache."

Baba alivua kofia. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Ndiyo, mwaitu," alisema, akaenda.

Saa nane mchana wingu jeusi lilitua juu ya vilima. Mumbua alikwenda ukingoni, pale ambapo siku za jua mtu huona uwanda wote hadi Kwa Ndolo. Hakuona kitu, mvua ilikuwa imeufunika kama pazia. Mikono yake ilinuka mpira na sabuni. Alijihesabia makosa yake: angesema jana jioni, baba angekesha na kisu mkononi na ya mbele ingeisha. Angeuliza mtu yeyote kabla ya kununua. Angenunua kofia.

Mama yake alimfuata na shuka, akamtupia mabegani.

"Kwa hiyo babako umemwita jina lake."

"Nimemwita."

"Hm," Kalunde alisema. Akabaki naye, wote wawili wakinyeshewa.

Saa kumi na moja mtu alitokea kwenye kona ya njia. Alikuwa anatembea kwa miguu, anachechemea, mfuko wa vitabu kichwani, suruali nyeusi tii mpaka mapajani, hana viatu. Mumbua alimjua kwa lile goti kabla ya kuuona uso.

Baba alifika akasimama mbele yao, anahema.

"Kamanthe tumemzika vizuri," alisema kwanza, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kisha akamtazama Mumbua. "Kijito nilikivuka. Ilikuwa imebaki huu uwanda wa huku. Ya nyuma ilizunguka tu, inarusha matope hata mgongoni. Ya mbele ndiyo ilikataa. Nikainama kutafuta kijiti." Akautua mfuko wa vitabu. "Kijiti nilikuwa nimeshakishika. Nikakumbuka jinsi ulivyoniita. Nikaiacha. Nilipofika kwenye mawe nikageuka, pale nilipokuwa nimeinama palikuwa maji, yanapita na miti."

Kalunde alijifunika mdomo kwa mkono.

"Nimeiacha kama ulivyosema, mwaitu. Nimeokoa hii." Akainua mkono wa kushoto. Alikuwa ameshika pampu. Aliitazama kama kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaiona. "Hujakasirika?"

Mumbua alitaka kumjibu kwa sauti ile ya asubuhi, akaitafuta, hakuipata. Aliipokea pampu kwa mikono miwili. Nyumbani alimketisha baba yake kwenye kigoda, akaleta karai la maji ya moto, akapiga magoti, akaanza kumwosha miguu. Chini ya upenu vipande vya mpira vilikuwa bado vimetapakaa, na tope lile jeusi halikutoka upesi. Ilimbidi abadilishe maji mara tatu.