Fundo la Melkiadi

Kikosi cha zimamoto cha Kumgera, katika kata ya Muyama, kilikuwa na watu kumi na watatu, filimbi moja, ndoo tisa na madumu ya kuazima. Gari hakikuwa nalo. Gari la zimamoto watu wa kitongoji kile walikuwa wameliona kwenye runinga ya dukani kwa Gharibu tu, na Gharibu mwenyewe, kila Jumamosi kikosi kilipopita mbele ya duka lake kwenda mazoezini, aliwauliza kama leo gari wameliacha nyumbani lipumzike. Watu walicheka, na wazima moto nao walicheka, kwa sababu wangefanya nini?

Mkubwa wa umri kikosini alikuwa Epifania, mjane wa miaka hamsini na sita, mama wa mabinti wawili walioolewa mbali na wa kiume mmoja, Reverien, anayefanya kazi Mwanza. Wengine walishika majembe na ndoo. Yeye alishika mti mrefu wa mkaratusi wenye kulabu ya chuma nchani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mti ule ni mzito kwa umri wake.

Kulabu ile ilikuja na mwalimu wao, Shamsi, afisa misitu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kasulu na aliyekuwa bado anaulalamikia ubaridi wa milima yetu hata mwezi wa sita. Alifika kwa pikipiki, akiwa na koti lililofungwa hadi kidevuni, akawafundisha mambo ambayo kila mtu alidhani anayajua. Moto ni mlaji, aliwaambia. Usipigane na mdomo wake, mwondolee sahani. Aliwafundisha kusimama upepo ukiwa mgongoni, kuupiga moto wa nyasi kwa matawi mabichi, kulima njia pana ya kinga chini ya kilima kabla ya Agosti, na kuuliza kwanza nani yumo ndani kabla mtu hajanyanyua ndoo. Haya yote waliyapokea vizuri. Kisha akawafundisha lile gumu: nyumba moja ya nyasi ikishika moto, kikosi kisihangaike nayo sana, kikaezue ile inayofuata, ambayo haijaungua bado, ili moto ukifika ukute kuta tupu.

Watu wakaguna. Mtu ana paa lake zima, jirani waje walishushe mchana kweupe? Shamsi akasema ndiyo, na kwamba lazima walifanyie mazoezi, kwa hiyo nani atatoa nyumba? Kila mmoja akakuta kuna kitu cha kutazama miguuni pake.

Epifania akatoa jiko lake. Lilikuwa kibanda cha nyasi ubavuni mwa nyumba, upande wa kilimani, na alijua angeweza kuliezeka tena, kwa kuwa marehemu mumewe, Melkiadi, alikuwa fundi wa kuezeka na yeye alikuwa amemkatia nyasi, amemfungia mafungu na kumrushia juu kwa miaka ishirini na miwili. Kikosi kikaliendea jiko kama watu waliokuta nyoka. Vumbi lilipotua, paa lilikuwa chini, ukuta mmoja ulikuwa chini, na chungu cha maharage kilikuwa chini ya vyote viwili.

"Hamjaezua hapa," Epifania aliwaambia. "Mmeua."

Tangu siku hiyo somo la kuezua likawa lake, na Shamsi alikaa pembeni akiandika. Aliwaonyesha kwamba paa la nyasi lina mahali pake pa kuachia, kama shati lilivyo na vifungo, na mwenye haraka ndiye anayelichana. Walizunguka kitongoji chote, nyumba kwa nyumba, Epifania akinyoosha kidole na Shamsi akiweka kwenye daftari: hii anzeni kona ya mashariki, hii mvute kwa nyuma, hii kuna bibi kitandani, atolewe kwanza. Nyumba kumi na moja za nyasi. Walipofika ya kumi na mbili, Epifania alisema hiyo waiache, akapita.

Ilikuwa yake. Shamsi alimtazama, akafunga daftari, na hilo lilikuwa kosa la wote wawili. Mwanamke aliyewafundisha watu wazima kwamba hakuna paa lenye mwenyewe siku ya moto, aliliacha la kwake nje ya hesabu, na alijua vizuri anachofanya.

Paa lile lilikuwa la mwisho Melkiadi kuliezeka. Kifua kilikuwa kimeshamshika, hawezi tena kupanda juu na kukaa huko kutwa, kwa hiyo alibuni jambo lake. Alikaa chini kwenye kivuli cha migomba akafuma kila kipaa, yaani kila upande wa paa, juu ya fito kama mkeka mkubwa, kisha akawaita wanaume wakavinyanyua vyote viwili juu ya makombamoyo, ile miti inayobeba paa, akavifunga kileleni kwa kamba moja nene ya magome, fundo likining'inia ndani. Wenzake walimcheka. Fundi akiugua, walisema, huanza ubunifu. Misimu mitatu ya mvua iliyofuata haikuingiza hata tone, na katikati ya msimu wa nne Melkiadi akafariki chini ya paa lake mwenyewe, kwenye kitanda kilichokuwa chini ya fundo lile.

Wajane wengine wana picha ukutani. Epifania alikuwa na fundo. Kila alipoamka, kitu cha kwanza macho yake yalichokiona kilikuwa lile fundo jeusi la masizi, likiwa limekaza vilevile mikono ya mumewe ilivyoliacha. Mwambie mtu wa namna hiyo aliandikishe kwenye daftari la serikali.

Basi, Julai ikapita na kituko chake. Mteja wa bodaboda alisimama dukani kwa Gharibu kununua petroli ya dumu, sigara mdomoni, petroli ikamwagika na sakafu ya nje ikawaka. Gharibu, mtu mwenye mji wake hapo na ndugu zake Bagamoyo, alinyakua ndoo ya maji. Epifania, aliyekuwa amekuja kununua chumvi, aliipiga ndoo hiyo ikamtoka mkononi, akaanua blanketi lililokuwa limeanikwa, akalilowesha, akaufunika moto, na wengine wakamalizia kwa mchanga. Maji juu ya petroli yangeutawanya moto hadi kwenye madumu ya ndani. Gharibu alikaa kwenye kizingiti cha duka lake kwa muda mrefu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umeota. Jumamosi iliyofuata alifunga duka akaja mazoezini, na kwa kuwa alikuwa na pumzi nyingi za maneno, walimpa filimbi.

Moto wenyewe ulikuja Alhamisi moja ya Agosti, mwaka 2014, saa saba mchana. Nani aliuwasha kilimani haijajulikana mpaka leo. Labda mchungaji anayetaka majani mapya, labda wawinda panya. Filimbi ya Gharibu ililia mara tatu, na ndani ya muda mfupi watu kumi na wanne walikuwa kwenye njia ya kinga, upepo ukiwa mgongoni kama walivyofundishwa, wakiupiga moto kwa matawi. Ulikuja hadi kwenye udongo mtupu, ukasimama, ukaanza kufa. Shamsi alikuwa Kasulu. Wangependa awaone.

Kisha upepo ukageuka. Cheche zilivuka njia juu ya vichwa vyao, zikatua mahali pa kwanza palipokuwa na nyasi kavu, nalo lilikuwa jiko la Epifania, jiko lile lile lililouawa Juni na kuezekwa upya. Jiko lile halikuwa na bahati duniani.

Walikimbia kushuka. Jiko lilikuwa linawaka lote, na hatua sita kutoka hapo ilikuwa nyumba ya Epifania. Baada ya hiyo, upenu kwa upenu, nyumba ya Veronica, aliyekuwa amejifungua mapacha wiki mbili tu zilizopita. Baada ya Veronica nyumba nne nyingine za nyasi, na mwisho wa safu duka la Gharibu na petroli yake. Watu walikuwa wameshauliza nani yumo ndani, na Veronica alikuwa anatoka na mtoto mmoja kila mkono, anatembea kwa shida, akitazama nyuma kama mtu anayeaga.

Gharibu alisimama mbele ya nyumba ya Epifania, kulabu aliyompokea ikiwa mkononi, asiinyanyue.

"Mama Reverien," alisema, "nyumba hii haimo kwenye daftari. Tuivutie wapi?"

Epifania aliangalia kilima. Kilikuwa cheusi hadi juu. Nyasi zote za kuezekea za mwaka ule zilikuwa zimekwenda, na nyingine zisingekomaa mpaka mwaka unaofuata, wakati mvua ilikuwa mlangoni, mwezi na nusu tu. Wakilirarua paa lake kwa kulabu, atakaa vuli na masika bila paa. Wasipolivuta, watakaa hivyo familia sita. Na fundo? Fundo lilikuwa la Melkiadi. Haya yote aliyafikiria kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na baadaye alisema kwamba pumzi ya kwanza ilikuwa ya choyo, hataki kumdanganya mtu.

"Msivute kwa kulabu," alisema. "Shikeni fito za chini, saba mbele na sita nyuma. Nikiita, mvute mrudi nyuma wote pamoja, na msisimame mpaka mmefika migombani, kila kundi upande wake. Nipeni kisu."

Aliingia ndani peke yake. Moshi ulikuwa umeshatangulia. Alipanda juu ya kitanda kwa miguu yenye udongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalishika fundo kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kulifungua, lakini miaka mitano ya masizi ilikuwa imelifanya kama jiwe. Akasema, kwa Kiha, maneno mawili ya kumwomba radhi mumewe, akakata.

Alipoita, vipaa viwili viliteleza chini kwa sauti moja, kama mtu anayevua kanga mabegani, na jua la saa nane likaingia chumbani ambamo halikuwahi kuingia. Nje watu walirudi nyuma wakiburuta, mbele na nyuma, mpaka kwenye unyevu wa migomba, na majirani wenye ndoo wakamwaga maji juu ya nyasi. Moto uliruka kutoka jikoni, ukapapasa juu ya kuta, ukakuta makombamoyo tu. Uliunguza mawili. Kikosi kilimalizana nao kwa mchanga na matawi kabla ya alasiri, na nyumba ya Veronica haikupata hata doa.

Epifania alitoka akiwa na kipande cha kamba mkononi. Alikwenda moja kwa moja migombani akainama, akaingiza vidole chini ya nyasi, akafuata fito moja baada ya nyingine. Kipaa cha mbele kilikuwa kizima. Cha nyuma kilikuwa kimeungua kona, upana wa ungo. Hapo ndipo alipokaa chini akalia, na waliomwona wakadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Mume wake, mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi, aliyechekwa na mafundi wenzake, alikuwa amemfumia paa linaloweza kushuka bila kufa, na yeye alikuwa amelala chini yake tangu msiba akilia kwa kumkosa, asijue kwamba mumewe bado anamtunza. Alishukuru kwa sauti, mbele za watu, bila aibu.

Veronica alikuja akapiga magoti kama desturi yetu, akamwekea pacha mmoja mapajani. "Mwakoze, mama," alisema, asante ile ya kwetu. Usiku huo, na usiku uliofuata, nyumba ilifunikwa kwa turubai kuukuu lililotoka Mtabila kambi ya wakimbizi ilipofungwa, na hakuna jirani aliyekubali chakula kipikwe kwa Epifania. Kililetwa kingi mno, mpaka akawaomba wapunguze.

Jumamosi kitongoji kizima kilikusanyika, na Shamsi akaja na koti lake. Watu arobaini walikinyanyua kipaa cha kwanza, kisha cha pili. Nyasi za kuziba kona iliyoungua zilitoka kwenye mapaa mengine: kila nyumba ya safu ile ilichomoa fungu moja kwenye upenu wake na kulileta, la Veronica likiwa nene kuliko yote. Gharibu, ambaye paa lake ni la bati na hakuwa na nyasi ya kuleta, alileta kamba mpya ya magome aliyokwenda kumtafutia mwenyewe porini, akachubuka mikono yote miwili. Ilikuwa imesokotwa vibaya. Epifania aliisokota upya, akamshukuru kama vile ni nzuri.

Alilifunga fundo mwenyewe, amesimama juu ya kitanda, safari hii akiacha ncha ndefu inayoning'inia ili siku nyingine isihitaji kisu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alitoka mlangoni akakiita kikosi kiingie chumbani kwake, mmoja mmoja, kikajifunze. Wakaingia wamevua viatu, wakatazama juu, wakavuta ncha kidogo, wakatoka. Shamsi alifungua daftari akaandika nyumba ya kumi na mbili.

Wa mwisho kuingia alikuwa Gharibu. Alilitazama fundo muda mrefu, mtu wa kuuliza kama alivyo, akataka kujua kwa nini marehemu alilifungia ndani, wakati nje ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," Epifania alisema. "Alisema likiwa nje, watakuja kukuezua. Likiwa ndani, utalitoa paa mwenyewe."

Gharibu aliinama, akalipangusa kwa kiganja shuka la kitanda mahali alipokuwa amesimama Epifania, akatoka kwenda kuwasaidia wenzake kukusanya ndoo.